Jinsi ya kuusaidia usharika usisahau umekusanyika kwa ajili gani

Hii naandika kwa wazee wa kanisa wenzangu, wainjilisti, viongozi wa kina mama na vijana, na hata kwa muumini wa kawaida anayekaa benchi la nyuma akiona kabisa kwamba kanisa lake lina shughuli nyingi sana ila hajui tena zinaelekea wapi. Mimi ni katibu wa baraza la wazee kwenye usharika mmoja pembeni ya jiji la Mbeya, upande wa kuelekea Uyole, huu mwaka wa saba sasa. Haya ninayoyaandika sikuyapata semina, ni mambo tuliyoyafanya wenyewe, mengine yalikubali na mengine yalitushinda, ntayasema yote.

Nianze na mama mmoja. Ni mjane, anauza mchicha na chinese kwenye kibanda karibu na barabara, na kila Jumapili anakaa benchi la tatu upande wa kulia. Mwaka mmoja mwezi wa pili, mvua zile za kwetu za kunyesha asubuhi mpaka jioni, aliteleza akitoka chooni akavunjika nyonga, akalala ndani wiki tisa. Kwenye hizo wiki tisa baraza letu lilikaa vikao vitano, mihutasari niliandika mimi mwenyewe kwahiyo najua tulichoongea: rangi ya bati, maana wengine walitaka bluu wengine damu ya mzee, sare za kwaya ya vijana, jenereta, nani awe mgeni rasmi wa harambee. Jina la yule mama halimo hata mara moja. Aliyekuja kutuambia ni binti wa jirani yake, wale ni Waislamu, ndo waliokuwa wanampelekea uji. Siku hiyo usiku nilifungua lile daftari nikasoma vikao vyote vitano, nikalia. Hatukuwa wavivu wala watu wabaya, kila mtu alikuwa kazini, kazi ya kanisa kabisa, na kusudi lilipotea hivyo hivyo tukiwa kazini.

Kwahiyo ukitaka kuusaidia usharika wako usianze kutafuta adui. Anza kwa kuhesabu.

Hesabu kabla hujahubiri

Kosa la wengi ni kuanza na maneno. Mchungaji anahubiri kwa nguvu kuhusu umoja na kurudi kwenye upendo wa kwanza, watu wanaitikia amina, Jumatatu mambo ni yale yale. Chukua saa, daftari na kalamu. Kusudi la kweli la usharika linaonekana sehemu tatu, kwenye dakika za ibada, kwenye kitabu cha mhazini na kwenye ajenda za kikao cha wazee, hayo mengine yote ni maneno ya ukutani.

Kwa ibada, Jumapili nne mfululizo andika matangazo yameanza saa ngapi yakaisha saa ngapi, na mahubiri hivyo hivyo. Usimwambie mtu, maana wakijua watajirekebisha siku hiyo tu. Kwetu Jumapili tatu kati ya nne matangazo yalikuwa marefu kuliko mahubiri.

Kwa pesa, kaa na mhazini, tena kwa heshima, umwambie mapema unataka nini, na usome kitabu pale pale kwake, usikibebe kwenda nacho nyumbani, maana ikishasikika kwamba katibu kachukua kitabu cha pesa basi mtaa mzima utasema kuna wizi na hapo umeanzisha vita badala ya kusaidia. Gawanyeni matumizi ya mwaka mmoja mafungu matatu: yaliyokwenda kwa watu (wagonjwa, wajane, yatima, safari za injili), yaliyokwenda kwenye kufundisha (shule ya Jumapili, darasa la kipaimara, vitabu), na yaliyokwenda kwenye majengo, vyombo, wageni na posho. Usiseme lolote, jumlisheni tu.

Kwa kikao, pitia mihutasari ya mwaka mzima upige mstari kila sehemu ambapo jina la mtu limetajwa kwa sababu ana shida au kwa sababu haonekani. Mi nilipiga mistari miwili.

Majibu hayo peleka kwenye baraza bila kumtaja mtu yeyote. Nilichofanya, niliandika zile namba ubaoni kwa chaki nikarudi kukaa. Mzee mmoja wa siku nyingi, aliyebatizwa kabla hata sijazaliwa, alitazama ule ubao muda mrefu, alafu akasema, "Sasa hapa tumekuwa kamati." Hakusema lingine, na ilitosha kutuanzisha.

Tafuta sentensi moja, na uitafute majumbani

Sentensi ya kusudi isiandikwe na watu wanne hotelini. Ipeleke kwenye jumuiya, kule watu wanakosali nyumba kwa nyumba katikati ya wiki, na usiwaulize "kusudi la usharika wetu ni nini" maana watakujibu kwa maneno ya risala. Sisi tuliuliza hivi: nani alikuleta kanisani mara ya kwanza na alifanya nini? Lini mara ya mwisho ulirudi nyumbani kutoka ibadani umesaidika, na kilichokusaidia ni nini? Nani mtaani kwenu alipaswa kuwa nasi na hayupo?

Majibu yale niliyaandika yote. Hamna hata mmoja aliyetaja jengo. Mmoja alisema alipofiwa na mtoto kina mama walikuja wakalala pale matangani siku tatu, wakateka maji, wakapika, hawakusema neno la Mungu sana ila ndo alipoamini. Mwingine alisema mwinjilisti alimfundisha kusoma akiwa mtu mzima, kwa Biblia. Kijana wa bodaboda akasema kuna mzee alikuwa anamsalimia kwa jina kila asubuhi pale kijiweni Igawilo, basi, hilo tu.

Kutokana na hayo tukapata yetu: Tumjue Yesu, tuwafundishe watoto wetu kumjua, na asiwepo mtu wetu anayeumwa au kulia peke yake. Yenu inaweza kuwa tofauti na ni sawa, usharika wa mjini Iringa wenye wanafunzi wengi wa chuo hauwezi kuwa sawasawa na wa kijijini Kilolo. Ila iwe fupi, mtoto wa shule ya Jumapili aweze kuikariri, na bibi asiyejua Kiswahili vizuri aelewe ikitafsiriwa. Yetu wazee waliiweka kwa Kisafwa na Kinyakyusa, na nikwambie, kuitafsiri kulituonyesha neno gani ni la kweli na lipi lilikuwa la kujazia tu, kwasababu neno la kujazia halitafsiriki.

Kipimo kingine: je sentensi yenu inaweza kukataa kitu? Kuna usharika nimeona wameandika kwamba wanataka kuwa usharika wa mfano wenye maendeleo endelevu kiroho, kimwili na kiuchumi. Hapo hata ukinunua basi la abiria limo, ukifungua baa tu ndo itagoma. Yetu ilijaribiwa mapema. Lilikuja wazo la kununua maturubai na viti vya kukodisha, mradi mzuri, pesa ipo, misiba na harusi hapa Mbeya haziishi. Tukauliza Jumamosi atakayepakia na kushusha viti ni nani, ikaonekana ni vijana wale wale wanaoandaa masomo ya watoto Jumamosi mchana. Tukaacha. Walioleta wazo waliumia na sikuwalaumu, ilibidi mwenyekiti aende kwao jioni wakaongea vizuri, kwasababu ukimkatalia mtu hadharani alafu usimfuate nyumbani utakuwa umelinda sentensi ukapoteza ndugu.

Mtoto mmoja anaisema kila Jumapili kabla ya matangazo, na mimi naiandika juu kabisa ya kila muhtasari. Kuichapisha kwenye fremu hatukuona haraka.

Malalamiko ya kweli yape mtu wake

Hapa ndo pana uzito na naomba tukae kidogo. Ukisoma Matendo ya Mitume sura ya 6, kanisa la Yerusalemu lilikuwa linakua, na katikati ya kukua kukatokea manung'uniko, wajane wa Wayahudi wa Kiyunani, yani wale waliokuwa wanaongea Kigiriki, walikuwa wanasahauliwa kwenye huduma ya kila siku. Angalia mitume walivyofanya. Hawakusema hao wanaonung'unika wana roho ya uasi, maneno ambayo saivi tunayasikia madhabahuni mara nyingi sana. Pia hawakuacha Neno wakaenda kugawa chakula wenyewe. Walikubali lalamiko ni la kweli, wakawaambia watu wachague wenyewe saba wenye sifa njema, wakawawekea mikono, wao wakaendelea na maombi na kulihudumu Neno. Na majina ya wale saba yote ni ya Kiyunani, yani inaonekana walichaguliwa kutoka upande ule ule uliokuwa unalia.

Sasa sisi tunafanyaje? Jambo likija, mfano choo cha kanisa kimejaa, linakuja kwenye baraza zima, wazee kumi na wanne wanaongelea choo saa mbili, wiki ijayo tena. Au mchungaji mwenyewe anakimbizana na fundi wa shimo huku mgonjwa hospitali ya Meta anasubiri maombi. Choo ni muhimu kweli. Ila mpe mtu mmoja au wawili jina lao liandikwe, wapewe pesa kiasi fulani na tarehe, na baraza lisiliongelee tena mpaka tarehe hiyo ifike, waripoti dakika tatu. Na ukiona wanaolalamika ni kina mama wa mtaa fulani, msimamizi atoke humo humo.

Sisi tulipoanza hivyo tulikosea jambo moja, tulikuwa tunawapa kazi wale wale wanaojitoa kila siku, mama mmoja akajikuta ana kazi tano, akachoka akaacha hata kuja jumuiya miezi kadhaa. Mtu mmoja kazi moja. Kazi isipopata mtu basi inawezekana haina haja ya kufanyika mwaka huu, na mnaweza kuishi bila hiyo.

Matangazo na michango

Matangazo yaletwe kwa karatasi kwa katibu mwisho Ijumaa jioni, yasomwe na mtu mmoja, asiongeze ufafanuzi, yasizidi dakika kumi. Mtu atakayekuja Jumapili asubuhi na tangazo lake mkononi mpokee vizuri umwambie linasomwa wiki ijayo, isipokuwa msiba au mgonjwa. Wiki tatu za kwanza watakuchukia, vumilia, wiki ya nne watazoea kuleta Ijumaa.

Mchango uwe mmoja mkubwa kwa wakati. Kuna kipindi kwetu muumini mmoja alikuwa anadaiwa bahasha ya jengo, ya vyombo vya muziki, ya mkutano wa injili, ya mkutano mkuu, ya sare kama yuko kwaya, na ya mtaa, na hapo hatujataja sadaka yenyewe. Mtu wa hivyo anaanza kukwepa, akimwona mzee wa kanisa anakata kona, na tukisema karudi nyuma kiimani tunamwonea, tumemkimbiza sisi.

Na jamani angalieni kalenda ya shamba. Huku kwetu mvua inaanza kwenye Novemba, watu wanalima na kupanda, Januari ni ada na sare za shule, Februari gunia la mwisho linaelekea kuisha na mahindi sokoni yamepanda bei. Usharika unaotangaza harambee Februari unawaomba watu mbegu. Subirini Juni na Julai, mahindi yameingia ndani, mpunga wa Kyela na Usangu umevunwa, wa Mbozi wana kahawa, na Rungwe na Njombe wana parachichi wanapishana na malori kwa msimu wake. Mtu huyo huyo aliyekukwepa Februari atakuja na debe mbili hujamwomba.

Mnada wa mazao baada ya ibada mimi siuondoi hata wakisema unachosha. Mtu kaleta mkungu wa ndizi au kisado cha viazi au jogoo kwasababu hana noti, na pale nje ndo sadaka yake inaonekana sawa na ya mwenye noti. Nimeona mtu ananunua jogoo kwa bei mara mbili alafu anampa mama aliyemleta arudi naye. Hiyo ni sehemu ya kusudi kabisa. Cha kupunguza ni zile mbwembwe za dalali kurudia rudia bei, wekeni mnadishaji mwepesi.

Ujenzi

Ujenzi ni wa lazima wakati mwingine, watu wakinyeshewa hawasikii Neno, na baridi yetu ya Juni ukisali kwenye jengo lisilo na madirisha watoto wanaumwa vifua. Nehemia alijenga ukuta kwa siku 52, sisi tuna makanisa yenye lenta ya miaka kumi, na shida mara nyingi ni kwamba tulianza na ramani ya watu elfu wakati tuko mia na hamsini.

Tulichoamua: kila pesa ya ujenzi ikiingia, sehemu ya kumi inatoka kwanza kwenda kwa wajane na wagonjwa kabla hata mfuko mmoja wa saruji haujanunuliwa. Kamati ya ujenzi walipinga sana mwanzoni, wakasema jengo litachelewa. Limechelewa kidogo kweli. Lakini paa la yule mama wa benchi la tatu, ambalo lilikuwa linavuja juu ya kitanda alicholala zile wiki tisa, lilipigwa bati kutoka kwenye hiyo sehemu ya kumi, bati zile zile za bluu zilizotugombanisha, na mafundi ni wale wale vijana wa kamati.

Watu wa Herrnhut, ambao walitufikia Rungwe

Wengi wetu huku, hata walioko makanisa mengine leo, babu zao walisikia injili kwa njia ya Wamoravian waliofika Rungwe mwaka 1891. Lakini ni wachache wanaojua kwamba kule walikotoka, Wamoravian wa mwanzo walikuwa wamegombana vibaya sana. Wakimbizi wa imani kutoka Moravia walianza kufika mwaka 1722 kwenye ardhi ya kabaila mmoja aitwaye Zinzendorf huko Saxony, Ujerumani, wakajenga kijiji wakakiita Herrnhut. Miaka mitano baadaye kijiji kilikuwa kimejaa watu wa makanisa na mafundisho tofauti, wanashutumiana, wengine hawataki hata kushiriki meza pamoja. Zinzendorf alikuwa na kazi serikalini kule Dresden, akaiweka pembeni akaja kukaa nao, akawa anaingia nyumba kwa nyumba anaongea na kila familia. Mwezi Mei 1727 wakatia sahihi makubaliano ya jinsi watakavyoishi kindugu, na tarehe 13 Agosti 1727 wakashiriki Meza ya Bwana pamoja kwenye kanisa la Berthelsdorf, siku ambayo Wamoravian wanaikumbuka mpaka leo.

Kilichofuata ndo cha kuiga. Wiki mbili baadaye wanaume 24 na wanawake 24 wakagawana saa za siku, kila mtu saa yake, maombi yasikatike usiku na mchana, na mnyororo huo uliendelea zaidi ya miaka 100. Mwaka 1728 wakaanza kupelekeana neno moja la Maandiko kila nyumba kila siku, lile neno la siku ambalo bado linachapishwa kila mwaka. Mwaka 1732 wakatuma wawili wa kwanza kwenda kisiwa cha St. Thomas huko Karibiani, kwa watumwa. Yani kijiji cha watu waliokuwa hawasalimiani, miaka mitano baadaye wanatuma wamisionari ng'ambo. Hawakuwa wengi, walikuwa wamerudi kuangalia sehemu moja.

Sisi tulijaribu saa 24 tukashindwa, saa tisa usiku mwezi wa sita hapa kwetu ni baridi na watu wamelima mchana. Tukashusha ikawa saa 11 alfajiri mpaka saa 3 usiku, siku ya Alhamisi tu, kila mtu nusu saa, popote alipo, sokoni Mwanjelwa, shambani, kwenye bodaboda kasimama pembeni. Akimaliza anambipu anayefuata. Anapewa majina matatu ya kuombea, na hayo majina yanatoka kwenye kikao cha wazee. Hapo ndo maombi na kikao vilianza kushikana.

Kwaya, vijana na grupu la WhatsApp

Kwaya zisishindane kwa sare. Tulikubaliana kila kwaya ina siku moja kwa mwezi ya kwenda kuimba nyumbani kwa mgonjwa au kwa mzee asiyeweza kutembea, bila vyombo, bila video. Kwaya ya vijana walilalamika, walipoenda kwa mzee mmoja kipofu pale Iyunga akaimba nao sauti ya nne ubeti kwa ubeti bila kukosea, hawajalalamika tena.

WhatsApp fungueni grupu mbili, moja ya matangazo ambayo admini peke yake anaandika, nyingine ya salamu na maombi. Siasa zisiingie, mwaka wa uchaguzi hasa, na mgombea akija kanisani asalimiwe kama mgeni yeyote, asipewe madhabahu. Mkigombana kwenye grupu msijibizane pale, nenda nyumbani kwake mwongee wawili tu, Mathayo 18 inasema wazi uanze wewe na yeye peke yenu.

Lugha na makabila

Usharika wa mjini huku una Wanyakyusa, Wasafwa, Wandali, Wabena, Wakinga, Wahehe, na ugomvi mwingi unaoitwa wa kiroho ukiufukua unakuta ni nani alipewa uzee wa kanisa na nani alinyimwa. Msijifanye hamna hilo jambo. Makanisa saba ya Kilutheri yaliyoungana mwaka 1963 kuwa KKKT (Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania) yalitoka kwa wamisionari tofauti na kwenye makabila tofauti, waliweza kwa kukaa na kupangana, kwahiyo usharika mmoja unaweza. Sisi mitaa ilipewa nafasi sawa kwenye baraza, na wimbo mmoja wa lugha ya nyumbani kila Jumapili kwa zamu. Wabibi wanasimama wimbo wao ukifika, hata waliokuwa wamelala.

Kikao kianze na majina

Kama huwezi kufanya yote hayo fanya hili. Ajenda ya kwanza baada ya sala, kabla ya yatokanayo, iwe majina. Kila mzee ana nyumba zake, kwetu ni kama kumi na mbili kila mmoja, anataja ambaye hajaonekana Jumapili mbili na sababu kama anaijua. Kama hajui anaenda kabla ya kikao kijacho, na katibu anaandika aliyeenda na alichokuta. Mwanzoni ilichukua saa nzima na wengine walikasirika kwamba hatufiki kwenye ujenzi. Saivi inachukua dakika ishirini hivi, na kuna vikao tukifika kwenye ujenzi tunakuta hamna cha kubishana, sijui niielezeje hiyo ila ndo inavyokuwa.

Mchungaji akihamishwa

Wachungaji wanahama, na mara nyingi kusudi linahama nao, anayekuja ana maono yake mapya, na watu wanaanza upya kila baada ya miaka kadhaa mpaka wanachoka. Msimsubiri aje na yake alafu mpingane naye. Wiki ile ya kwanza kabla hajafungua mizigo yote, mwenyekiti, katibu na mama mmoja wa kina mama mwende mkamsalimie, mpeleke mchele na mkaa, na karatasi moja tu: ile sentensi, majina ya wagonjwa na wajane na nyumba zao ziko wapi, na nani anasimamia nini. Mwambieni mchungaji, hapa tumefika, tusaidie kuendelea. Wetu wa sasa alipopewa ile karatasi hakuuliza habari ya jengo, aliuliza yule wa kwanza kwenye orodha anakaa wapi, tukaenda naye jioni ile ile kwa miguu, mvua inanyesha.